Sotoka ya Mbuzi au Homa ya Mapafu: Uchome Dawa au Ulete Chanjo?

Mbuzi amesimama peke yake mlangoni pa zizi, wenzake wameshatoka. Masikio yamelala, manyoya yamesimama, kamasi zinaning'inia puani, na kila akikohoa anafumba macho. Wafugaji wengi wa huku kwetu Kilifi, kuanzia Gongoni mpaka Marafa, na kule Baricho kando ya Mto Sabaki, tumewahi kumkuta mbuzi wa namna hiyo alfajiri. Na karibu sote hufanya jambo lilelile: tunapanda bodaboda hadi duka la dawa za mifugo, tunanunua chupa ya oksitetrasaiklini, dawa ya kupambana na bakteria, tunachoma kundi zima, tunangoja.

Mara nyingine wanapona. Mara nyingine wanakufa mmoja mmoja na chupa tumeishika mkononi. Si suala la bahati. Inategemea mwili wa mbuzi unapigana na nani.

Mwaka 2022, ukame umekaza na mifugo kutoka Tana River inashuka kutafuta maji na majani, nilikuwa na mbuzi thelathini na wanne na kondoo sita. Walipoanza kukohoa nilinunua dawa. Muuzaji hakuuliza kama wanaharisha, hakuuliza kama kondoo nao wanaumwa. Mimi nami sikumwambia, maana sikujua kwamba hayo ndiyo ya kuulizwa. Nilichoma siku ya kwanza, nikarudia siku ya nne. Baada ya wiki mbili nilikuwa nimezika mbuzi kumi na mmoja na kondoo wawili.

Daktari wa mifugo alipofika alimshika jike mmoja, akamfungua mdomo, akaniita. "Mjomba, hebu njoo uone hapa." Ufizi wa chini ulikuwa na vitu vyeupe kama pumba za mahindi zilizogandia, na alipovipangusa kwa kidole pakabaki kidonda chekundu. Harufu ya mdomo ule sijaisahau. "Hii ni sotoka ya mbuzi," akasema. "Ni virusi. Dawa uliyochoma haivigusi."

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kuuliza na kusoma. Nayaweka magonjwa haya mawili pamoja, bega kwa bega, ili mwenye mbuzi ajue hela yake aipeleke wapi.

Nyani shambani, mchwa ndani ya boriti

Homa ya mapafu ya mbuzi huletwa na bakteria wa jamii ya mikoplazma. Sotoka ya mbuzi na kondoo huletwa na kirusi, binamu wa kile cha sotoka ya ng'ombe iliyowamalizia wazee wetu mifugo, na pia wa kile cha surua ya watoto. Ile ya ng'ombe ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011. Hii ya mbuzi ilithibitishwa Kenya kule Turkana mwaka 2006, na mpaka leo iko.

Kwa macho ya mchungaji yote mawili ni kikohozi na kamasi. Ndani ya mwili ni vita viwili vya aina tofauti kabisa.

Bakteria wengi hukaa nje ya seli za mwili, katikati yake na juu yake. Ni kama nyani walioingia shamba la mahindi. Unawaona, unaweza kuwatupia mawe, unaweza kuwaachia mbwa. Mwili hufanya hivyo hivyo. Chembe nyeupe za damu hutoka mishipani, hukimbilia mahali palipovamiwa, huwameza bakteria na nyingi hufia papo hapo. Ule usaha unaouona kwenye jipu ni maiti za chembe hizo pamoja na bakteria. Baada ya siku kadhaa hufuata kingamwili, vitu vidogo vinavyogandamana na bakteria ili chembe nyeupe ziwatambue na kuwameza upesi.

Kirusi hakikai nje. Huingia ndani ya seli na kuigeuza iwe kiwanda cha kuzaa virusi vingine. Huyo ni mchwa ndani ya boriti ya nyumba. Ukirusha mawe unajipigia nyumba yako. Kwanza seli iliyoingiliwa hupiga kengele kwa kutoa kitu kiitwacho intaferoni, na seli jirani zikiisikia hujifungia milango. Kisha huja aina nyingine ya chembe nyeupe, wauaji hasa, ambao kazi yao ni kuiangamiza seli ya mbuzi mwenyewe iliyo na kirusi ndani. Boriti yenye mchwa hukatwa ikachomwa. Kingamwili nazo huja, lakini hizo hukamata virusi vile tu vilivyo njiani kutoka seli moja kwenda nyingine.

Kwa hiyo dawa ya bakteria inamsaidia mbuzi mwenye nyani shambani. Mwenye mchwa haimsaidii, hata ukimchoma chupa nzima.

Homa ya mapafu ndani ya mwili

Mikoplazma hii ilitengwa kwa mara ya kwanza hapa hapa Kenya, mwaka 1976, ingawa ugonjwa wenyewe ulishaelezwa Algeria tangu 1873. Ina jambo moja ambalo mfugaji hana budi kulijua: haina ukuta wa nje kama bakteria wengine. Penisilini hufanya kazi kwa kuubomoa ukuta huo. Pasipo ukuta hakuna cha kubomoa, kwa hiyo penisilini hapa ni maji matupu. Dawa zinazofaa ni oksitetrasaiklini na tailosini, ambazo huingia ndani ya bakteria na kuwazuia kutengeneza protini.

Wengi hatujui kwamba dawa hizi haziwaui bakteria moja kwa moja. Zinawafunga mikono. Kazi ya kuwamaliza inabaki kwa chembe nyeupe za mbuzi mwenyewe. Ndiyo maana mbuzi mwenye nguvu, aliyechomwa siku ya kwanza au ya pili, huinuka na kula, na yule aliyekonda kwa njaa na minyoo, au aliyechomwa siku ya sita, anakufa na dawa ingali mwilini.

Halafu mwili wenyewe hujiumiza katika kujitetea. Chembe nyeupe na majimaji humiminika kwenye pafu mpaka pafu linakuwa gumu kama ini. Niliwahi kuwa pale mjomba wangu alipochinja mbuzi wa aina hii. Alipopasua kifua yalimwagika maji ya manjano, rangi ya majani makavu, na yalipokaa kidogo kwenye beseni yakaanza kuganda. Pafu la kulia lilikuwa limenata kwenye mbavu, ikabidi alibandue kwa kisu. La kushoto lilikuwa zima, laini, la waridi. Ugonjwa kukaa upande mmoja ni dalili kubwa ya homa ya mapafu. Na pafu lililofikia hapo halirudi likawa pafu tena, hata dawa iwe nzuri namna gani.

Mbuzi akiwa hai utamwona amepanua miguu ya mbele, shingo ameinyoosha, anapumua kwa shida na kuguna kwa maumivu. Homa hufika nyuzi 41 na kupita, ilhali ya kawaida ni kati ya 38.5 na 39.5, ikizidi kidogo mchana wa jua kali. Mdomoni hana vidonda. Haharishi. Na kondoo wanaolala naye zizi moja kwa kawaida ni wazima. Hili la kondoo ndilo ninaloanza nalo siku hizi: kabla sijamgusa mbuzi, nawatazama kondoo.

Sotoka ya mbuzi ndani ya mwili

Hapa niruhusiwe kukaa kidogo, maana hapa ndipo nilipoumia.

Kirusi cha sotoka huingia kwa pua na koo. Kinga hutuma walinzi kwenda kukikamata, kama inavyotakiwa. Balaa ni kwamba kirusi hiki kina ufunguo wa kufungulia chembe nyeupe zenyewe. Mlinzi anayekuja kukikamata ndiye anayekibeba kukipeleka kwenye tezi, na tezi ndizo kambi za walinzi wengine. Kinazaliana humo, chembe nyeupe zinakufa kwa wingi, na siku chache baadaye kinaingia kwenye damu na kushambulia ngozi laini ya mdomo, macho, mapafu na matumbo. Huku mate na kamasi zinachirizika, huku kuharisha, huku macho yamegandamana kwa tongotongo asubuhi. Majike wenye mimba hutupa. Kondoo nao wanaumwa, ingawa mara nyingi mbuzi ndio huzidiwa.

Mbuzi huyu anakuwa hana walinzi, na bakteria waliokuwa wakiishi puani mwake kwa amani siku zote hupata mwanya wa kushuka mapafuni. Kamasi zilizokuwa nyepesi kama maji siku ya kwanza na ya pili zinakuwa nzito za kijani. Ukimwona siku ya tano utaapa kwamba ni ugonjwa wa bakteria, na utakuwa umesema nusu ya kweli. Bakteria wapo, ila waliofungua mlango ni virusi.

Hapo ndipo wengi tunapotatanika kuhusu dawa. Je, uchome au usichome? Madaktari huchoma dawa ya bakteria kwa mbuzi wa sotoka, na hawakosei. Wanazuia hilo jeshi la pili wakati mwili ukitafuta nguvu za kupambana na la kwanza. Ukiongeza maji yenye chumvi na sukari kwa anayeharisha, kivuli, na majani laini kwa mdomo wenye vidonda, baadhi watavuka. Lakini ujue unachonunua: unanunua nafasi. Hununui tiba ya sotoka, kwa sababu haipo dukani.

Anayevuka hutoka na zawadi kubwa. Mwili hukumbuka. Mbuzi aliyepona sotoka huwa na kinga ya maisha yake yote. Aliyepona homa ya mapafu kwa dawa simwamini kwa kiasi hicho, maana anaweza kubaki amebeba vijidudu kwenye mapafu huku anaonekana mzima. Mimi simchanganyi mbuzi wa namna hiyo na kundi geni, wala simuuzi kama mbuzi wa kufuga.

Chanjo mbili, mfuko mmoja

Chanjo ya sotoka ni kirusi hai kilichodhoofishwa. Mbegu yake ilichukuliwa kwa mbuzi wa Nigeria mwaka 1975, ikazalishwa maabarani tena na tena mpaka ikapoteza ukali. Ukiichoma, kirusi hicho dhaifu huingia kwenye seli na kuzaana kidogo bila kuleta ugonjwa. Mwili unaona vita kamili: intaferoni inatoka, wauaji wanafundishwa, kingamwili zinatengenezwa. Ndiyo maana sindano moja tu, mililita moja chini ya ngozi, hulinda miaka mitatu na zaidi, mbuzi na kondoo.

Chanjo ya homa ya mapafu inayotumika kwetu ni bakteria waliokufa, wamechanganywa na saponini ya kuamsha kinga. Kitu kilichokufa hakizaani, kwa hiyo mwili unaona picha ya adui tu, na bila hiyo saponini ungeitazama picha ukapita. Mahali pa sindano huweza kuvimba kidogo, na hilo lisikutishe. Inalinda kiasi cha mwaka mmoja, kisha inarudiwa. Ni ya mbuzi peke yao.

Mwenye hela ya chanjo moja tu msimu huu aanze na ipi? Jibu langu ni sotoka. Homa ya mapafu ukiiwahi ina dawa. Sotoka haina, na ikishaingia zizini kazi kubwa iliyobaki ni kuzika. Tena sindano moja ya sotoka inafanya kazi ambayo kwa homa ya mapafu ingehitaji sindano tatu, na inawafunika kondoo pia. Isitoshe, chanjo ya sotoka mara nyingi huja na kampeni za serikali. Mwishoni mwa 2024 ilipotangazwa kwamba zinalengwa ng'ombe milioni 22 kwa ugonjwa wa miguu na midomo, na mbuzi na kondoo milioni 50 kwa sotoka, maneno yalijaa kila baraza, mengine ya kwamba mifugo itaharibiwa. Mimi niliyezika kumi na watatu nilikuwa wa kwanza kuuliza zamu yetu ni lini. Hela yako mwenyewe basi iweke kwa ajili ya homa ya mapafu.

Kuna hali moja tu ambapo ningegeuza: kama kundi lako lilichanjwa sotoka mwaka jana au juzi, na mwaka huu unatarajia mbuzi wa kununua kutoka mbali, au mifugo ya wageni itapita karibu. Homa ya mapafu hupenda misafara, msongamano na baridi ya mvua. Hapo chanja homa ya mapafu kabla ya masika.

Kitu kinachoua chanjo ya sotoka kuliko chochote huku ni jua letu. Ni kirusi hai, kinataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8 mpaka dakika ya kuchoma, na kikishachanganywa na maji yake kitumike upesi, si cha kuwekwa mpaka alasiri. Chupa iliyosafiri kwenye mfuko wa suruali kutoka mjini hadi Marafa mchana wa kaskazi ni maji. Mbuzi atachomwa, utaamini amekingwa, na mwili wake hautakuwa umeona kitu. Akija mchanjaji, mwombe kwa adabu akufungulie kisanduku. Barafu ikiwa imeyeyuka yote, mwambie arudi siku nyingine. Chanjo ya homa ya mapafu nayo iwekwe kwenye baridi, ila isigandishwe.

Yanayoharibu kinga hata chanjo ikiwa nzuri

Mbuzi wetu hawapitishi kingamwili kwa mtoto aliye tumboni. Mtoto huzaliwa mtupu, na kinga yake ya kwanza yote iko kwenye dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza baada ya kuzaa. Utumbo wake huweza kuzipokea kingamwili hizo nzima nzima kwa saa chache tu, na kufikia siku ya pili mlango umefungwa. Anayekamua dang'a ampe mbwa, au anayemngoja mtoto asimame mwenyewe mpaka jua lipande, anamnyima silaha.

Kisha kinga hiyo hiyo ya mama huizuia chanjo. Kingamwili za mama zikikikuta kirusi dhaifu cha chanjo hukiua kabla mwili wa mtoto haujajifunza. Ndiyo sababu watoto huchanjwa wakishatimiza miezi minne, mama akiwa alikwisha pata kinga. Watu huona daktari anawaruka watoto wadogo wakadhani ni uvivu.

Minyoo na njaa nazo. Kingamwili ni protini, na mbuzi aliyebaki mifupa hana protini ya kutengenezea jeshi. Wape dawa ya minyoo wiki mbili kabla ya chanjo.

Na usichanje zizi ambalo ugonjwa umeshaingia ukitegemea muujiza wa siku ileile. Mwili unahitaji siku kumi hivi kujifunza, na sindano moja ikitoka kwa mgonjwa kwenda kwa mzima inabeba ugonjwa. Tenga wagonjwa kwanza, badilisha sindano, piga simu.

Ukiwa zizini, hujui ni ipi

Chukua kipimajoto. Tazama kondoo. Fungua midomo ya mbuzi watatu, wanne, usitazame mmoja tu. Tazama nyuma, chini ya mkia. Vidonda mdomoni, kuharisha na kondoo kuumwa, hayo yakija pamoja, shuku sotoka. Hapo usihamishe mnyama hata mmoja, na umwite daktari wa serikali, kwa sababu ni ugonjwa wa lazima kuripotiwa. Kikohozi cha maumivu, mbuzi peke yao, mdomo safi, tumbo zima: shuku homa ya mapafu, na kila siku unayochelewa ni kipande cha pafu.

Uhakika hutoka maabara. Ipo ya mifugo Mariakani, katika kaunti yetu hii hii ya Kilifi. Daktari hupeleka kamasi au machozi kwa kupima sotoka, na maji ya kifua au kipande cha pafu kwa homa ya mapafu. Mbuzi wa kwanza akifa, usimzike kabla hajatazamwa. Ila akifa ghafla na damu nyeusi inamtoka puani au nyuma, usimpasue kabisa. Hiyo huenda ni kimeta, na kinaua watu.

Ukichoma oksitetrasaiklini ile ya muda mrefu, ya asilimia 20, kipimo ni mililita moja kwa kila kilo kumi. Jike wetu wa kienyeji mzima huwa na kilo 25 hadi 30, kwa hiyo ni mililita mbili na nusu hadi tatu. Mililita moja kwa kila kichwa ili chupa itoshe kundi zima ni kuwafundisha bakteria namna ya kuishi na dawa. Soma kwenye chupa siku za kungoja kabla ya kunywa maziwa au kuchinja, uzihesabu kweli. Nyama hiyo tunawalisha watoto wetu.

Sasa nina mbuzi ishirini na saba na kondoo wanne. Wakubwa wote wana chanjo ya sotoka, na Februari tunachanja homa ya mapafu, mimi na majirani wawili kwa pamoja, ili chupa ya dozi mia isimwagwe. Wanambuzi watano waliozaliwa Desemba watatimiza miezi minne mwezi wa Aprili. Nimewafunga uzi mwekundu shingoni, ili siku daktari akija na kisanduku chake cha barafu nisimsahau hata mmoja.